Shule ya umma au ya binafsi: bunduki hufikaje darasani Marekani?

Mzazi wa Kikongo aliyepata makazi Kentucky, au Mkenya anayefanya kazi ya uuguzi Minnesota, hachelewi kukutana na swali hili: nikimtoa mtoto shule ya serikali nikampeleka ile ya kanisa, je, atakuwa salama zaidi na risasi? Linaulizwa kwenye makundi ya WhatsApp, linaulizwa ibada ikiisha, na linaulizwa na ndugu walioko Goma au Kisumu ambao wameona taarifa ya habari na usingizi umewapaa. Ukuta kati ya shule ya umma na ya binafsi upo kweli. Ila kazi yake ni kutenganisha mambo mengine kabisa: nani anaweza kupekua begi la mtoto na kwa sababu gani, nani analazimika kutoa taarifa, nani anamlipa mlinzi. Bunduki yenyewe ina njia zake za kufika darasani, na njia hizo haziujui ukuta huo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia shule imeshambuliwa, akili hukimbilia Garissa mwaka 2015, ambako al-Shabaab waliua watu 148 chuoni, au Mpondwe nchini Uganda, Juni 2023, ambako wanamgambo wa ADF walivamia shule ya sekondari usiku na kuua wanafunzi wakiwa mabwenini. Hizo ni vita zilizoingia shuleni kutoka nje. Cha Marekani ni kingine. Mara nyingi anayefyatua risasi ni mtu wa shule hiyohiyo, anayesoma pale au aliyewahi kusoma pale, anayeijua kengele ya mapumziko inalia saa ngapi.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndipo wengi hupotea. Ukisoma kwamba mwaka 2023 kulikuwa na matukio zaidi ya 300 ya bunduki katika shule za Marekani, kisha pengine ukasoma hayakufika hata kumi, usidhani kuna anayedanganya. Wamehesabu vitu viwili tofauti. Kanzidata ya K-12 School Shooting Database, iliyoanzishwa na mtafiti David Riedman, huingiza kila tukio ambalo bunduki ilichomolewa kwa vitisho, ikafyatuliwa, au risasi ikatua kwenye mali ya shule, saa yoyote na kwa sababu yoyote. Humo utakuta vijana waliogombana kwenye maegesho baada ya mechi ya usiku, mtu mzima aliyejiua uwanjani siku ya mapumziko, na risasi iliyopotea kutoka mtaa wa pili. Gazeti la Washington Post huhesabu yale ya saa za masomo tu, na kwa kipimo hicho limefikia wanafunzi zaidi ya 390,000 waliokuwa shuleni bunduki ikilia, tangu mauaji ya shule ya sekondari ya Columbine ya Aprili 1999. Wengine huhesabu mauaji ya halaiki peke yake, na hapo idadi inashuka mno.

Serikali nayo imewahi kuumbuka. Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba katika mwaka wa masomo wa 2015–16, karibu shule 240 ziliripoti angalau tukio moja la kufyatuliwa risasi. Waandishi wa redio ya NPR wakazipigia simu shule hizo moja baada ya nyingine. Waliyoweza kuyathibitisha yalikuwa 11. Shule nyingi zilijibu kwamba hakukuwa na kitu cha namna hiyo, na baadhi zilikuwa zimejaza fomu vibaya.

Kwa nini nchi yenye kompyuta kuliko wote haina hesabu moja inayoaminika? Sehemu ya jibu ni siasa. Mwaka 1996 Bunge la Congress liliweka sharti kwamba fedha za taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, CDC, zisitumike kupigia debe udhibiti wa bunduki. Sharti halikusema utafiti ni marufuku. Lakini wakuu waliogopa, fedha zikakauka, na kwa zaidi ya miaka ishirini wanasayansi wa serikali walilikwepa jambo hilo kama mtu anayekwepa mdai wake. Ni katika bajeti ya 2020 tu ndipo dola milioni 25 zilitengwa tena kwa utafiti wa majeraha ya bunduki.

Sasa turudi kwa umma na binafsi. Shule za umma zina watoto karibu milioni 50, za binafsi karibu milioni tano. Kwa hiyo ukiambiwa matukio mengi yametokea shule za umma, hujaambiwa kitu bado, kwani hata ajali za basi za wanafunzi zitakuwa nyingi huko. Inabidi kwanza uyagawe matukio yenyewe.

Kuna ugomvi, na kuna shambulio la kupangwa. Ugomvi ndio mwingi: vijana wawili wana kisasi cha mtaani, au mmoja kamtukana mwenzake mtandaoni, wakakutana nje ya geti. Huu unafuata mtaa. Sekondari kubwa ya umma katika kitongoji chenye magenge itauona zaidi kuliko shule ndogo ya Kikatoliki inayochagua wanafunzi na kutoza ada. Kwa aina hii, anayesema shule ya binafsi imetulia zaidi hakosei, ingawa kinachomsaidia hasa ni mtaa na mfuko wa mzazi, wala si msalaba juu ya lango.

Shambulio la kupangwa ni adimu sana, na ndilo linaloua wengi kwa mara moja. Hapa orodha ya shule za binafsi inatosha kumtoa mtu usingizini. Oktoba 2006, katika shule ya chumba kimoja ya jamii ya Amish huko Nickel Mines, Pennsylvania, wasichana watano waliuawa. Machi 2023, katika Covenant School ya Nashville, watoto watatu wa miaka tisa na watu wazima watatu. Desemba 2024, katika Abundant Life Christian School ya Madison, Wisconsin, msichana wa miaka 15 alimuua mwalimu na mwanafunzi mwenzake, kisha akajiua. Agosti 2025, wiki ya kwanza ya masomo, wanafunzi wa shule ya Annunciation mjini Minneapolis walikuwa kwenye misa pale risasi zilipopigwa kutoka nje kupitia madirisha ya kanisa. Watoto wawili walikufa, wa miaka minane na kumi, na watu zaidi ya 20 wakajeruhiwa.

Ukizipanga hizi kando ya zile za umma, yaani Columbine, Sandy Hook (2012, watoto 20 na watu wazima sita), Parkland (2018, watu 17) na Uvalde (2022, watoto 19 na walimu wawili), hutaona dini, ada wala sare iliyowakinga hawa ikawaacha wale.

Sheria zinasema nini

Mwaka 1990 Congress ilipiga marufuku kubeba bunduki ndani ya futi 1,000, karibu mita 300, kutoka shule yoyote, ya umma, ya kanisa au ya binafsi. Miaka mitano baadaye Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo, katika kesi ya mwanafunzi wa San Antonio aliyekutwa na bastola shuleni. Majaji hawakusema kubeba bastola darasani ni haki. Walisema Congress imejipa mamlaka ambayo haina, kwa sababu ilijificha nyuma ya uwezo wake wa kusimamia biashara kati ya majimbo, na mtoto mwenye bastola darasani hafanyi biashara. Mwaka 1996 wabunge wakaiandika upya: bunduki inayohusika ni ile iliyowahi kuvuka mpaka wa jimbo au kuathiri biashara hiyo, na karibu bunduki zote zimevuka. Hivyo ndivyo usalama wa watoto ulivyokuja kusimama juu ya kifungu cha biashara. Mwenye kibali cha jimbo husika bado ana msamaha katika sheria hiyo, kwa hiyo kinachoruhusiwa hasa hutegemea jimbo.

Sheria nyingine, ya 1994, inazitaka shule za umma zinazopata fedha za serikali kuu zimfukuze kwa mwaka mmoja mwanafunzi anayeleta bunduki, huku mkuu wa wilaya ya elimu akiwa na ruhusa ya kulegeza adhabu kwa kesi moja moja. Shule ya binafsi haibanwi nayo. Inabanwa na mkataba mzazi aliousaini, na mikataba hiyo humpa mwalimu mkuu mamlaka ambayo mwenzake wa serikali hana.

Chukua upekuzi. Mwalimu wa shule ya umma ni mkono wa serikali, na Katiba humfunga. Tangu hukumu ya mwaka 1985, iliyotokana na msichana wa New Jersey aliyepekuliwa mkoba kwa kushukiwa kuvuta sigara, mwalimu anahitaji sababu ya maana ya kushuku, ijapokuwa hahitaji hati ya hakimu. Shule ya binafsi inaweza kuandika kwenye fomu ya usajili kwamba mabegi yote yatafunguliwa kila asubuhi, na mambo yakaishia hapo. Chukua na kufukuzwa. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1975 kwamba hata mwanafunzi wa umma anayesimamishwa siku chache lazima aelezwe kosa na asikilizwe. Shule ya binafsi huandika barua moja.

Wazazi wengi huishia hapo na kusema: basi, binafsi ni salama, wanawatoa wabaya mapema. Mimi naona hapo ndipo hoja inapoanza kupasuka. Kumfukuza mtoto kunaondoa jina kwenye daftari, hakumwondolei bunduki wala hasira. Aliyeua Nashville alikuwa amesoma shule hiyo utotoni. Wa Minneapolis pia alikuwa mwanafunzi wa zamani. Wa Parkland alikuwa ameshaondolewa shuleni, na mwezi mmoja kabla ya mauaji FBI walikuwa wamepigiwa simu ya tahadhari kumhusu, ambayo haikufuatiliwa. Aliyefukuzwa hana tena mwalimu wa kumtazama usoni kila asubuhi.

Njia mbili za bunduki

Marekani ina bunduki za raia zinazokadiriwa kufikia milioni 393, kwa makadirio ya 2018 ya kituo cha utafiti wa silaha, Small Arms Survey. Ni nyingi kuliko watu. Kati ya hizo, ile inayofika shuleni hupitia mojawapo ya milango miwili, kutegemea umri wa mshambuliaji.

Akiwa bado mtoto, mlango ni kabati la nyumbani. Idara ya Secret Service, inayomlinda rais, ilichambua mashambulio 41 ya shuleni ya miaka 2008 hadi 2017. Robo tatu ya waliotumia bunduki waliitoa nyumbani kwa mzazi au kwa ndugu wa karibu, na nyingi zilikuwa mahali pa kufikika kwa urahisi. Mwaka 2018 watafiti walikadiria kwamba watoto milioni 4.6 wanaishi kwenye nyumba yenye bunduki iliyojazwa risasi na isiyofungiwa.

Kisa cha Oxford, Michigan, kinaonyesha mlolongo mzima. Novemba 2021 baba alinunua bastola akiwa na mwanawe wa miaka 15. Siku nne baadaye, asubuhi, mwalimu aliona kwenye karatasi ya hesabu ya kijana huyo mchoro wa bunduki na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa. Walikataa kumchukua nyumbani, na hawakutaja kwamba kuna bastola. Shule ikamrudisha darasani, begi lake halikufunguliwa. Kumbuka, hii ilikuwa shule ya umma, na sababu ya kushuku ilikuwa mezani. Sheria ya upekuzi haikumzuia mtu yeyote kufungua begi lile. Wanafunzi wanne waliuawa. Mwaka 2024 baba na mama walihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia, wazazi wa kwanza Marekani kutiwa hatiani hivyo kwa mauaji yaliyofanywa na mtoto wao shuleni.

Baada ya hapo waendesha mashtaka walipata ujasiri. Huko Winder, Georgia, ambako kijana wa miaka 14 anadaiwa kuua watu wanne Septemba 2024, baba alishtakiwa naye. Madison, kwenye shule ya Kikristo, baba wa msichana alishtakiwa mwaka 2025. Na wakati mwingine shule yenyewe huingia kizimbani: Newport News, Virginia, mtoto wa miaka sita alimpiga mwalimu wake risasi Januari 2023 kwa bastola ya mama yake. Mwalimu alipona, akafungua kesi, na Novemba 2025 baraza la mahakama likaamua alipwe dola milioni 10 na aliyekuwa msaidizi wa mwalimu mkuu, kwa kupuuza onyo kwamba mtoto ana bunduki.

Mlango wa pili ni duka. Wa Uvalde alisubiri kutimiza miaka 18, akanunua bunduki mbili za aina ya kijeshi ndani ya siku chache. Wa Nashville, mwenye miaka 28, alikuwa amenunua saba kihalali, kutoka maduka matano, huku akitibiwa matatizo ya kihisia. Wa Minneapolis, miaka 23, naye alinunua kihalali. Sheria ya taifa inamtaka muuza bunduki mwenye leseni asimuuzie bastola aliye chini ya miaka 21, lakini bunduki ndefu mtu huuziwa akifika 18. Ni upande huu ambao mikono ya wanasiasa imefungwa zaidi. Sheria ya Juni 2022, iliyopitishwa mwezi mmoja baada ya Uvalde, iliongeza uchunguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria yoyote ya bunduki lazima ilingane na mapokeo ya kihistoria ya nchi, kwa hiyo wanasheria leo wanafukua vitabu vya karne ya 18 kutafuta babu wa kila kanuni.

Walinzi, milango na simu

Jibu linalopendwa na wengi ni mlinzi mwenye bunduki. Texas iliamuru mwaka 2023 awepo kwenye kila shule ya umma. Columbine ilikuwa na askari. Parkland ilikuwa naye, akabaki nje. Uvalde walifika askari 376 na ikachukua dakika 77 kuingia darasani. Nashville, kwa upande mwingine, polisi walikimbilia ndani na kumuua mshambuliaji dakika 14 tangu simu ya kwanza, na nani ajuaye wangekufa wangapi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la madaktari wa Marekani ulipitia matukio 133 ya miaka 1980 hadi 2019 na kukuta vifo vilikuwa vingi zaidi, karibu mara tatu, palipokuwa na mlinzi mwenye silaha. Haimaanishi mlinzi ndiye anayesababisha vifo. Lakini mshambuliaji ambaye amekuja akiwa tayari kufa hatishwi na mtu wa getini. Milango nayo ina kikomo: Nashville vioo vya mlango uliofungwa vilipasuliwa kwa risasi, na Minneapolis milango ya kanisa ilikuwa imefungwa.

Kilichoonyesha matunda zaidi hakina picha nzuri ya televisheni. Secret Service ilichunguza njama 67 zilizozimwa kabla ya kutekelezwa, na mara nyingi aliyeziibua alikuwa mwanafunzi mwenzake aliyesikia au kuona ujumbe, akamwambia mtu mzima. Virginia iliagiza tangu 2013 kila wilaya ya elimu ya umma iwe na timu ya kutathmini vitisho, yenye mwalimu, mshauri nasaha na askari. Hapa shule ndogo ya binafsi inaweza kuwa nyuma, kwa sababu haina mshauri wala sharti la kuwa na timu. Inaweza pia kuwa mbele, kwa sababu kila mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina. Ukienda kuandikisha, uliza hilo kabla ya kuuliza kuhusu kamera.

Na kwa wanaozungumza Kiswahili kuna tofauti moja ya umma na binafsi ambayo haisemwi. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kumpa mzazi taarifa muhimu kwa lugha anayoielewa. Mama asiyejua Kiingereza anaweza kudai mkalimani wa Kiswahili mtoto wake anapoitwa ofisini, na anaweza kuuliza ujumbe wa dharura utamfikiaje, maana ujumbe wa simu kwa Kiingereza kwamba shule imefungiwa una uwezo wa kumtia mtu wazimu. Shule ya binafsi isiyopokea fedha hizo haina deni hilo.

Tusisahau pia ukubwa wa jambo lenyewe. Kuanzia 2020 bunduki zimeongoza kwa kuua watoto na vijana wa Marekani wenye umri wa mwaka mmoja hadi 19, lakini chini ya asilimia tatu ya mauaji ya vijana hutokea shuleni. Wengine hufia mtaani na majumbani, na wengi hujiua wenyewe kwa silaha ya baba. Ndiyo maana madaktari wa watoto huko huwahimiza wazazi kuuliza kabla mtoto hajaenda kucheza kwa rafiki: mna bunduki nyumbani, na imefungiwa? Kwetu sisi kumhoji mwenye nyumba hivyo ni kama kumvunjia heshima. Wamarekani wengi wamezoea, na wenye bunduki hujibu bila kununa. Vituo vingi vya polisi hutoa kufuli za waya za kufungia bunduki bure kwa yeyote anayeomba. Michigan, baada ya Oxford, ilipitisha sheria ya kufungia bunduki ikaanza kutumika Februari 2024, na inamhusu kila mwenye silaha ambaye mtoto anaweza kuifikia, awe anasoma kwa ada, kwa kodi ya wananchi, au hajaanza shule kabisa.